Sakafu ya yoti kuukuu imefura, inabonyea au imekwama: kutafuta chanzo na kubadilisha mbao

Kwenye yoti nyingi za faiba zilizoundwa Ulaya na Marekani miaka ya 1970 na 1980, sakafu ya kabini ni plaiwudi ya milimita 12 hadi 18 iliyobandikwa vinia ya msaji yenye mistari myembamba ya mti mweupe. Ukiitazama kwa juu utadhani ni mbao tupu za thamani, kumbe msaji wenyewe ni ngozi ya nusu milimita hivi. Mbao hizo zimelazwa juu ya mihimili, na chini ya mihimili ni ngama, ambako kila tone linalovuja chomboni huishia. Kwa hiyo sakafu huanza kufa chini na kingoni, huku uso wake ukiendelea kung'aa.

Mafundi wa Kilifi, Mtwapa, Tanga na Msasani huletewa kazi hii kwa maneno mafupi: "Badilisha mbao." Mbao mpya zikirudishwa juu ya ngama ileile yenye maji yaleyale, baada ya masika machache zitakuwa zimeanza kuoza tena. Usinunue plaiwudi kabla ya kujua maji yanatoka wapi.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: bisibisi nyembamba yenye ncha, nyundo ya plastiki, tochi, sifongo, kipande cha kioo na penseli. Kabla ya kunyanyua chochote piga picha, kisha andika nambari chini ya kila ubao pamoja na mshale unaoelekea omo, yaani mbele ya chombo. Mbao za kushoto na kulia hufanana sana mpaka siku ya kuzirudisha.

Ubao umekwama, haunyanyuki

Dalili hii ishughulikie siku hiyohiyo, hata kama hakuna kilichooza. Chini ya sakafu ndiko ziliko valvu za bahari, bolti za mkuku (uti wa chini wa chombo) na pampu ya ngama. Bomba likichomoka usiku, ubao usionyanyuka kwa mkono mmoja unaweza kukugharimu chombo.

Mara nyingi ukingo ndio uliokunywa maji. Plaiwudi haitanuki sana kwa upana, lakini hufura kwa unene pale ilipokatwa na kuachwa bila kuzibwa, na uvimbe wa milimita moja au mbili unatosha kuikaba. Mara nyingine nafasi iliachwa ndogo tangu mwanzo, kisha kila mwenye chombo akaongeza vanishi yake juu ya ya mwenzake hadi mwanya ukajaa.

Sababu ya tatu huwapotosha wengi. Ubao ulikuwa ukitoka vizuri chombo kikiwa majini, kimepandishwa nchi kavu umekwama. Hapo mbao hazina kosa. Uzito unapaswa kubebwa na mkuku, na miguu ya pembeni kazi yake ni kuzuia chombo kisilale. Mguu mmoja ukikazwa kupita kiasi husukuma ganda la faiba ndani na kubana sakafu. Ukiuranda ubao sasa, utakuwa na mwanya wa ajabu siku chombo kitakaporudi majini. Mwite msimamizi wa yadi arekebishe miguu, mmoja baada ya mwingine. Usiilegeze mwenyewe.

Kuutoa ubao uliokwama: funga skrubu mbili nene kwenye matundu ya pete ya kunyanyulia, pitisha kamba, mmoja avute wima huku mwingine akigonga kuzunguka kingo kwa nyundo ya plastiki. Mtaimbo usiuingize ukingoni, kwani utapasua ganda la ndani la faiba, na hilo ni gumu kulitengeneza kuliko ubao. Kama ubao ni wa kutupwa, ukate katikati kwa msumeno wa mviringo uliopimwa kina sawasawa na unene wake. Ikiwa hujui unene, toboa tundu dogo kwanza na upime. Chini yake kuna nyaya, mabomba na pengine tangi la maji.

Kingo nyeusi, vinia inabanduka

Weusi una sura tatu. Duara jeusi kuzunguka kichwa cha skrubu ni chuma kilichokutana na utomvu wa msaji: mtu aliweka skrubu ya chuma cha kawaida, au ya chuma kisichoshika kutu iliyokaa kwenye mbao mbichi bila hewa hadi ikaanza kuliwa. Mkanda mweusi unaofuata ukingo, chini ya vanishi, ni maji na kuvu. Weusi wa mafuta, unaoteleza na kunuka dizeli, umetoka kwenye injini, na hapo hakuna gundi wala vanishi itakayoshika mpaka paoshwe kwa asetoni mara kadhaa, kila mara kwa kitambaa kipya.

Weusi wa chuma hutoka kwa asidi ya oksaliki: gramu 60 hadi 80 kwa lita moja ya maji ya moto, paka kwa brashi ya nailoni, subiri nusu saa, suuza mara tatu. Vaa glavu na miwani. Usipige msasa kabla hujasuuza, kwa sababu vumbi la fuwele zake ni sumu kwa mapafu. Weusi wa kuvu unaweza kufifia kwa asidi hiyo, lakini rangi ikififia haimaanishi mbao imepona.

Chukua bisibisi. Ikiwa ncha inaingia ukingoni pekee, na sentimita tano ndani mbao ni ngumu, ubao unaweza kuokolewa: kausha, ondoa kilichooza, jaza epoksi iliyokolezwa kwa unga wa mbao. Ikiwa tabaka za plaiwudi zimeachana kiasi cha kuingiza kisu, au ukigonga unasikia sauti ya debe katikati ya ubao, usipoteze epoksi. Badilisha. Na ukute umeoza usikute umeoza, vinia ikishatoboka kwa msasa hairudi. Nusu milimita ni kidogo mno kwa mashine. Vinia ya zamani ipige msasa namba 220 kwa mkono tu.

Sasa maji. Kausha ngama kwa sifongo hadi iwe kavu kabisa, kisha tandika vipande vya gazeti chini ya kila mahali unapopashuku: mguu wa mlingoti, chini ya madirisha, chini ya vyuma vinavyofungia waya za mlingoti, chini ya sanduku la barafu, nyuma karibu na shafti ya propela. Rudi kesho. Tone utakalolikuta liweke kwenye kioo likauke juani. Likiacha ukoko mweupe unaokwaruza, ni maji ya bahari: tazama pakingi ya shafti, valvu, choo, na shimo la mnyororo wa nanga. Likiacha alama hafifu tu, ni maji baridi, na hayo ni mabaya zaidi kwa mbao. Chumvi huizuia kuvu kwa kiasi fulani. Maji ya mvua huikaribisha. Kuvu inayoozesha mbao haistawi unyevu wa mbao ukibaki chini ya asilimia 20, kwa hiyo shabaha yako ni kuifanya ngama ikae kavu.

Vyanzo viwili vya maji baridi husahaulika. Kimoja ni sanduku la barafu. Kwenye yoti za zamani mrija wake humwaga moja kwa moja ngamani: barafu iliyoyeyuka pamoja na maji ya samaki na maziwa yaliyomwagika. Harufu ya kabini inayolaumiwa choo mara nyingi inatoka hapo. Uelekeze mrija kwenye dumu au uutilie pampu ya mkono.

Kingine ni mlingoti wenyewe, ikiwa umepita kwenye sitaha na kusimama chini juu ya mkuku. Mvua huingia kwenye matundu ya kamba huko juu na kushuka ndani ya bomba la alumini, hata ukiziba sitaha namna gani. Hakuna dawa ya kuyazuia yote. Kinachowezekana ni kuyapa njia: safisha matobo yanayopitisha maji kutoka mguu wa mlingoti hadi shimo la pampu. Ukiyakuta yamezibwa na takataka za randa, nywele na tope la dizeli, umepata chanzo cha sakafu kuoza.

Inabonyea ukikanyaga

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa vitu vitatu tofauti hutoa dalili moja. Plaiwudi inaweza kuwa imeachana ndani. Muhimili chini yake unaweza kuwa umeoza kichwani. Au hakuna kilichooza, ila mihimili iliwekwa mbali mno tangu kiwandani.

Kutofautisha ni rahisi. Toa ubao, upeleke nje, uuweke juu ya vipande viwili vya mbao vilivyotengana kama mihimili ilivyotengana ndani ya chombo. Panda juu yake. Ukibonyea na kutoa mlio wa kupasuka, ubao umekufa. Ukiwa mgumu hapo nje lakini ndani ya chombo ulikuwa ukibonyea, kosa ni la mihimili. Ukibonyea taratibu bila mlio, na mbao ni nzima, umbali ni mkubwa: kwa plaiwudi ya milimita 12 mihimili isizidi kutengana sentimita 35 hadi 40, na kwa ya milimita 18 sentimita 45 hadi 50. Dawa ya hapo ni kuongeza muhimili mmoja katikati, si kununua ubao mnene. Ubao mnene utainua sakafu na kuzuia milango ya kabati.

Mihimili chunguza vichwani, pale inapogusa faiba. Vichwa vya mbao hunyonya maji kama utambi, na kwa kawaida katikati huwa pazima wakati ncha zote mbili ni uji. Choma kwa bisibisi upande wa chini, si wa juu.

Usichanganye mihimili ya sakafu na mataruma ya faiba yanayokaa juu ya mkuku. Mihimili hubeba miguu yako. Mataruma hubeba mkuku, na bolti zake zimepita humo. Usiyakate, usiyatoboe kupitisha bomba, wala usiyachonge ili ubao ukae sawa. Ukiona nyufa zinazozunguka bolti, au kutu inayochuruzika kutoka chini ya nati, weka kazi ya sakafu pembeni na umwite mtu wa kukagua mkuku.

Sakafu imezama karibu na nguzo, na mlango wa choo haufungi

Kama mlingoti umesimama juu ya sitaha, mzigo wake hushuka kwa nguzo iliyo ndani ya kabini hadi chini. Mara nyingi nguzo hiyo hukalia kipande cha mbao kilichofichwa ngamani. Kipande kikioza, nguzo huzama milimita chache, sitaha huifuata, kiambaza (ukuta wa ndani ya kabini) hupinda na mlango hukwama. Nje utaona waya za mlingoti zimelegea, ukizikaza zinalegea tena.

Kubadilisha ubao wa sakafu hapo hakusaidii kitu. Mlingoti ushushwe, au sitaha iinuliwe kwa jeki kidogo kidogo baada ya kulegeza waya zote, kisha kipande cha chini kibadilishwe. Kitakachofaa ni mbao ngumu iliyozungushiwa epoksi pande zote, au ubao wa faiba wenyewe wa unene unaotosha, usiooza kabisa. Sakafu iwe kazi ya mwisho.

Imebinuka kama sahani, inalia, inatoa unga

Ubao uliobinuka umepakwa vanishi juu na kuachwa mtupu chini. Upande wa chini hunywa mvuke wa ngama na kutanuka, wa juu hautanuki. Ukiwa bado haujaachana, uweke juani uso ukitazama chini, na ukinyooka zibe pande zote mbili kwa idadi ileile ya mikono, yaani mipako.

Kelele ni mbao kusugua faiba. Bandika mkanda wa mpira wa milimita 1.5 hadi 3 juu ya mihimili. Mpira wa tyubu ya baiskeli hufaa pasipo na mafuta. Kumbuka tu kwamba mkanda unainua ubao kwa unene wake.

Unga, au punje ndogo mfano wa mchanga chini ya ubao, ni wadudu. Chombo kilichokaa nchi kavu muda mrefu hupandwa na mchwa kupitia miguu na magogo, na mbao kavu huweza kuingiwa na bungua bila kugusa ardhi. Gonga kabati na viambaza vyote kabla ya kuamua kwamba tatizo ni la sakafu peke yake.

Plaiwudi ipi

Duka la vifaa vya ujenzi ukiomba plaiwudi ya baharini utapewa marini bodi, ile yenye ngozi ya kahawia au nyeusi inayoteleza. Hiyo ni ya kumwagia zege. Ngozi yake inakataa epoksi na vanishi, ndani ina mapengo, na ikikatwa ukingo wake hunywa maji kama plaiwudi nyingine yoyote. Jina limewaponza wengi.

Plaiwudi ya chombo ni iliyotengenezwa kwa kiwango cha Uingereza cha BS 1088: gundi isiyoyeyuka kwa maji, tabaka bila mapengo. Ukiipata, angalia mti wake. Ya okume ni nyepesi, karatasi ya milimita 12 ya sentimita 244 kwa 122 ina kilo 18 hivi, lakini mti huo wenyewe huoza upesi usipozibwa. Ya meranti au sapele ni nzito kidogo na huvumilia zaidi. Kwa sakafu, uzito huo si hoja; chukua inayovumilia.

Kama muhuri hauaminiki, kata kipande cha sentimita tano kwa tano, kichemshe saa mbili, kikaushe kabisa, kichemshe tena. Tabaka zikiachana, rudisha mzigo. Kagua pia kingo za karatasi nzima: kila tundu unaloliona ukingoni lina mwenzake ndani.

Vinia ya mistari si lazima. Karatasi za namna hiyo huagizwa kutoka nje kwa bei inayouma, na kwa chombo cha kazi plaiwudi nzuri iliyopakwa vanishi inatosha. Anayetaka sura ya mbao halisi anaweza kubandika vipande vya msaji vya milimita 3 hadi 4 juu ya plaiwudi ya milimita 9 au 12 kwa epoksi. Msaji wa mashamba ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro, unapatikana Tanzania bila kuvuka bahari. Kabla ya kuubandika ufute kwa asetoni na upake epoksi muda mfupi baadaye, kwa sababu mafuta yake hurudi juu. Mbao tupu za unene wote, bila plaiwudi, siwashauri watu wazitumie kwa vipande vipana: hutanuka na kusinyaa na misimu, na masika yakifika zitakwama.

Yoti ya futi 32 hivi ina sakafu ya mita za mraba tatu hadi nne. Karatasi moja ina karibu mita tatu za mraba, lakini vipande havipangiki vizuri, kwa hiyo nunua mbili. Epoksi ya mikono mitatu pande zote ni kilo 3 hadi 3.5 pamoja na ya kingo na inayopotea. Vanishi ya uso, mikono mitano, ni lita mbili.

Kiolezo, kukata na kingo

Ubao wa zamani ni shahidi, si kiolezo. Umesinyaa, umelika pembeni, na pengine ulikatwa vibaya na fundi wa kabla yako. Chukua hadibodi ya milimita 3, ikate ndogo kuliko nafasi kwa sentimita mbili, ilaze mahali pake, kisha gundisha vijiti kuzunguka ncha zake zikigusa faiba. Kiolezo kiinue kwa unene wa ubao mpya unapopima. Ubavu wa chombo hupanuka kadiri unavyopanda, na ukipima kwenye usawa wa mihimili ubao utakuwa mfupi kwa juu na mwanya utaonekana.

Kwa sababu hiyohiyo ukingo wa nje hukatwa kwa mshazari, uso wa juu ukiwa mpana kuliko wa chini. Pembe hubadilika kuelekea omo na tezi (nyuma), kwa hiyo ipime kila sentimita 15 hadi 20 na kuiandika kwenye kiolezo. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kila upande. Mikono ya epoksi na vanishi itakula karibu nusu milimita ya kila ukingo.

Mistari ya vinia lazima ifuatane ubao hadi ubao. Nyosha uzi katikati ya kabini, weka alama ya mstari huo kwenye kila kiolezo, na ukate mbao zinazofuatana kutoka safu moja ya karatasi. Kata kwa jigso yenye meno madogo, uso mzuri ukitazama chini, kwani meno hupanda juu na kuchana upande wa juu. Kata nje ya mstari, malizia kwa randa ndogo na msasa namba 80. Jaribu ubao mahali pake kabla ya tone la kwanza la epoksi. Unatakiwa kuanguka wenyewe kwa uzito wake.

Tundu la kidole la milimita 25 ni bora kuliko pete. Halishiki kutu, haliumizi vidole vya miguu, na linaruhusu hewa. Ukipenda pete za shaba, ziba kila shimo ulilolichonga kwa epoksi kabla ya kuzifunga, la sivyo ubao utaanza kuoza hapo.

Mihimili mipya

Mvule, msaji au mninga hufaa. Fuata vipimo vya mihimili ya zamani. Kwaruza faiba kwa msasa namba 40 hadi 60 mpaka ing'ae mbichi, futa kwa asetoni, ziba vichwa vya mbao kwa mikono mitatu ya epoksi, kisha gundisha na upitishe vitambaa viwili vya faiba kwenye kona, cha sentimita 5 kwanza na cha sentimita 10 juu yake. Acha matobo ya maji ya milimita 20 au zaidi upande wa chini, na yapake ndani.

Tumia epoksi, usitumie resini ya kawaida ya poliesta iliyojaa madukani. Poliesta hushika faiba lakini mbao huishika vibaya, na msaji zaidi. Baada ya mwaka utaibandua kama ganda la yai. Mihimili mingi iliyooza kwenye yoti hizi ilioza kwa sababu hiyo, maji yakiingia nyuma ya ganda na kukosa pa kutokea.

Kusawazisha, pima maji haikusaidii. Chombo kikielea kinayumba, na kikiwa nchi kavu huenda hakikusimama kwenye mstari wake wa maji. Tumia ubao ulionyooka kutoka muhimili mzima hadi mwingine, au alama za sakafu ya zamani kwenye viambaza.

Kuziba, na kinachoharibika hapo

Mikono mitatu ya epoksi pande zote, kingo zikianza na kumaliza, kwa sababu ncha za tabaka hunyonya; rudia pale panapoonekana pakavu. Kisha vanishi juu, mikono minne au mitano, kwa sababu jua huiharibu epoksi iliyo wazi. Vanishi ya milingoti ni laini kwa kukanyagwa. Chagua poliurethani ya sakafu isiyong'aa sana. Inayong'aa kama kioo huteleza, na chombo kinapolala upande utajua.

*Epoksi imebaki laini, inanata siku ya tatu.* Kipimo kilikosewa. Fundi aliyezoea poliesta anajua kwamba kupunguza dawa kunachelewesha kuganda, kisha analeta ujuzi huo kwenye epoksi. Haifanyi kazi hivyo: resini na hadina (dawa yake ya kugandisha) huungana kwa uwiano maalumu, na kilichozidi hubaki hakijaungana milele. Ikwangue yote. Kwa joto la pwani nunua hadina ya polepole, changanya kidogo kidogo, na imimine kwenye sinia pana badala ya kopo. Kila nyuzi 10 za joto zinapoongezeka, muda wa kufanyia kazi hupungua kwa nusu hivi, na kopo lililojaa huweza kufuka moshi.

*Vipovu vidogo kila mahali.* Ulipaka asubuhi huku mbao ikipata joto, hewa ndani ikatanuka na kutoka. Paka alasiri, mbao ikianza kupoa.

*Vanishi ina ukungu au inabanduka juu ya epoksi.* Epoksi inapoganda kwenye hewa yenye unyevu hutoa utando kama nta. Ioshe kwa maji baridi na sifongo ya kusugulia, kausha, ndipo upige msasa namba 220. Ukianza na msasa unausugulia utando ndani. Wakati wa masika, usipake vanishi jioni, umande utaifanya nyeupe.

*Ubao mpya unabana baada ya mwezi.* Kama kingo zimezibwa kweli, tafuta tone gumu la epoksi chini ya ukingo au mkanda wa mpira uliojikunja kabla ya kushika randa.

Skrubu, pale mbao zinapofungwa kabisa, ziwe za shaba nyeusi. Toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi iliyokolezwa, ligande, kisha toboa tena katikati ya epoksi hiyo. Mbao za juu ya valvu na pampu usizifunge kwa skrubu kabisa. Tumia vishikizo vya kuzungusha, ili zisiruke bahari ikichafuka na zifunguke bila bisibisi. Na chombo kikiachwa majuma kadhaa, mbao mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, zisimamishwe pembeni ili hewa ipite ngamani.